Kitanda cha Nyar Kitale

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile, huwajibu kwamba nilitandika vitanda. Wengi hudhani nilikuwa hotelini mjini Kisumu, kwenye mashuka meupe na vile visabuni vidogo. Nawaacha wadhani hivyo kidogo, kisha nawaambia: vitanda vya ng'ombe. Hapo ndipo wanapoanza kuniangalia viatu.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya maziwa, nawaandikia kwa sababu ya binti mmoja jirani yangu. Wiki iliyopita aliniita nione banda lake jipya. Ng'ombe watatu wazuri, paa la juu, upepo wa ziwa unapita kama kawaida, na chini ametandaza vumbi la mbao.

"Dani," akaniambia, maana kwetu bibi ndiye dani, "nimeweka vumbi. Sasa nangoja ligeuke mbolea."

Nikamwambia, "Kungoja ndiko kulikoniponza mimi."

Akacheka, lakini sikuwa natania. Ikabidi nikae juu ya ndoo nimsimulie, na sasa nawasimulia nyinyi.

Matandiko yanayooza si kitu cha ajabu. Ng'ombe wanalala juu ya tandiko nene la vumbi la mbao na makapi, kina chake kinafika gotini. Wananya humo, wanakojoa humo, na wewe huondoi. Unachanganya. Ukifanya vizuri, chini kunachemka, juu kunakauka, na banda halinuki. Ukifanya vibaya, umewajengea ng'ombe wako choo na kuwaambia walale ndani. Mimi nilianza kwa kufanya vibaya, mara mbili.

Mwenye ng'ombe alikuwa Mama Wairimu. Alikuja Kisumu kutoka upande wa kati wa nchi akiuza viazi sokoni, biashara ikashika, akanunua shamba kando ya barabara ya kwenda Ahero na kuweka ng'ombe wanane. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Ukiwa upande ule mwingine wa ua ungejua amefika. Mimi nilikuwa msimamizi wa banda. Nilijua kukamua, kuzalisha, kukata kwato, na nilijua pia kwamba najua.

Siku hizo ng'ombe walilala kwenye saruji. Kila asubuhi tulimwaga maji, tukasugua, na wao wakabaki wamesimama kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Ng'ombe anayeogopa kulala hacheui kwa raha, na asiyecheua kwa raha maziwa yake utayaona kwenye ndoo, au hutayaona. Mama Wairimu akaenda mafunzo ya wafugaji siku mbili, akarudi macho yanang'aa.

"Awuor, tunavunja hiyo saruji. Ng'ombe watalala juu ya mavi yao na watakuwa wasafi kuliko sasa."

Nilidhani jua la Kisumu limempata kichwani.

Karatasi aliyorudi nayo ilisema litandazwe vumbi la mbao lililokauka, na ligeuzwe mara mbili kwa siku. Mimi niliisoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Nikasema, vumbi la mbao la nini? Hapo Ahero, penye vinu vya mchele, maganda ya mpunga yamelala milima kwa milima. Tulipokwisha kuvunja saruji, nikaleta lori mbili. Yalipotandazwa, banda liling'aa kama kanisa siku ya harusi. Mama Wairimu akapiga picha akawatumia dada zake.

Baada ya wiki mbili juu palikuwa bado pakavu, pazuri. Nikajisifu. Kisha siku moja mguu wangu ukazama hadi juu ya kifundo, na buti likatoka limejaa mkojo. Chini palikuwa na supu.

Shikeni hili: ganda la mpunga limevaa koti la mvua. Mpunga unakulia majini, na ganda lake kazi yake ni kuzuia maji yasiingie. Halinywi. Mkojo unapita katikati ya maganda kama maji kwenye chekecheo, unakwenda kukaa chini. Tena ni gumu, haliozi upesi, kwa hiyo halitoi joto. Si adui, lina kazi yake na nitaifikia, lakini peke yake si kitanda.

Sasa mtu mwenye akili angerudi kwenye ile karatasi. Mimi nilikwenda ziwani.

Wakati huo magugu maji yalikuwa yamefunika ukingo wote, kijani kitupu hadi macho yanapochoka. Nikajiambia, Awuor, Mungu amekuletea matandiko ya bure na watu wanayalalamikia. Nikatafuta wasukuma mikokoteni wanne wa mtaa wa Obunga, tukavuna siku nzima tukiimba. Nikayaanika siku mbili. Yalionekana makavu. Lakini bua la gugu maji ni kama sifongo: ngozi inakauka, tumbo limejaa maji. Nikayatandaza juu ya maganda, tandiko refu kama godoro la tajiri.

Siku ya tatu godoro lilikuwa limeshuka hadi unene wa mkeka. Siku ya tano lilikuwa uji mweusi, baridi, unaonuka mayai viza. Mfanyakazi mwenzangu akaniuliza kama tugeuze. Nikamkataza. Nilisema tukigeuza harufu itapanda juu na Mama Wairimu ataisikia.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja tuliyemwita Nyar Kitale, binti wa Kitale, kwa kuwa alinunuliwa huko. Mweusi, doa jeupe begani, na mpole mno; ukimkamua anakulamba sikio. Ndiye aliyekuwa akitoa maziwa mengi kuliko wote. Asubuhi moja niliposhika kiwele chake, robo moja ilikuwa ya moto na ngumu kama jiwe. Akanipiga teke. Nyar Kitale! Nikakamua kidogo kwenye kikombe, yakatoka mabonge kama maziwa lala.

Daktari wa mifugo alimtibu, akanawa mikono, akaangalia chini alipokuwa amesimama.

"Dawa nimempa," akasema. "Lakini mkimrudisha kulala hapa, mimi na nyinyi tutakuwa jamaa. Nitakuwa nakuja kila wiki."

Mama Wairimu alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Alikwenda akaweka kiganja kwenye shingo ya Nyar Kitale, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nimetesa mnyama kwa sababu ya karatasi," akasema. "Ngai! Kuna mtu wa Kericho alikuwa anataka ng'ombe. Nitamwambia aje Jumamosi ya wiki ijayo awachukue wote. Hapa nipande vitunguu."

Na mimi nikanyamaza. Nawaambia kwa sababu ndiyo sehemu ninayoionea aibu mpaka leo, kuliko magugu. Nilimwacha aende nyumbani akiamini kwamba njia ile ndiyo mbaya, ilhali mbaya alikuwa Awuor. Kesho yake sikuweza kunywa chai. Nikamfuata sokoni, nikamkuta katikati ya magunia ya viazi, nikamwambia yote: kwamba karatasi ilisema vumbi la mbao nikaweka maganda, kwamba ilisema kugeuza mara mbili kwa siku na sikugeuza hata mara moja.

Alinitazama. Nikangoja matusi.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Mama Wairimu."

"Basi hatujajaribu bado," akasema. "Mtu wa Kericho anakuja Jumamosi. Una siku tisa."

Nilirudi na furaha ya mtu aliyesamehewa, na hofu ya mtu asiyejua aanzie wapi. Nikaondoa ule uji wa magugu wote, wilbaro baada ya wilbaro. Yale maganda ya chini nikayaanika juani. Kisha nikakaa kwenye hori.

Aliyenikuta hapo ni Mama Fidelis, mpishi wetu. Alikuwa mama mzee kuliko mimi, mwembamba, mwenye kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi hata akipika, na kiongozi wa akina mama kanisani. Alikuja na chai. Badala ya kunipa, akaweka kikombe chini, akaokota konzi ya mabaki ya tandiko kwenye kona, akaikamua. Maji machafu yakapita kati ya vidole. Akanusa.

"Awuor, hii kitu imezama. Haikuoza, imekufa maji."

"Umejuaje?"

Akaangalia nyuma, akaangalia upande wa jikoni, akashusha sauti. "Unajua kabla sijaokoka nilikuwa nafanya kazi gani?"

Kila mtu alijua. Kabla ya kuokoka, Mama Fidelis alikuwa mpishi wa busaa mashuhuri kuliko wote Obunga. Watu waliacha kazi zao wakafuata harufu. Lakini hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake, naye mwenyewe hakutamka neno pombe. Aliita uji.

"Ulikuwa unapika uji," nikasema.

"Uji. Na uji una sheria zake. Unga ukiuchachusha na maji mengi, unanuka, unatupa. Ukiwa mkavu sana, unalala tu, hauamki. Unataka ukiukamua, ushikane kama donge. Ukiugusa na kidole, donge livunjike. Maji yasitoke, na usiwe vumbi. Na lazima upumue. Kitu chochote kinachochacha ni kiumbe, yawa! Wewe ulikifunika pua."

Ile karatasi ya mafunzo ilikuwa imesema hayohayo kwa maneno magumu, nami sikuyasikia. Mama Fidelis aliyasema akiwa na konzi ya mavi mkononi, nikaelewa yote.

"Utanisaidia?"

"Nitakusaidia. Lakini mtu akiuliza, tulijifunza kwa kuomba."

Kesho yake tulikwenda mtaa wa Kaloleni kwa fundi seremala mmoja niliyemjua, Ouko, mtu wa maneno mengi kuliko meza alizotengeneza. Alikuwa na vumbi la mbao malundo mawili. Mama Fidelis akatia mkono katika la kwanza, akakunja uso.

"Hii mbao ilikatwa bado mbichi. Inakuja na maji yake kutoka nyumbani."

"Mama, vumbi ni vumbi," Ouko akasema.

"Na seremala ni seremala? Mbona ile kabati ya kanisa haifungi?"

Ouko akatuonyesha lundo la pili haraka sana. Hilo lilikuwa kavu, jepesi, limechanganyika na maranda ya randa. Hapo nikajifunza jambo la pili: ukubwa wa chembe. Vumbi laini mno linanywa sana na linachemka upesi, lakini likikanyagwa na ng'ombe linashikana kama ugali uliokaa, hewa haipiti. Maranda makubwa peke yake yanapitisha hewa lakini hayanywi vya kutosha. Unataka ndoa ya viwili hivyo. Tulipitisha pia sumaku, maana seremala humwaga misumari kama mkulima anavyomwaga mbegu, na ng'ombe hana kawaida ya kuuliza anachomeza. Mbao iliyopakwa rangi au dawa tukaikataa kabisa.

Tulijaribu pia makapi ya miwa kutoka kwenye kiwanda cha sukari, magunia machache. Yananywa maji vizuri ajabu. Lakini yakiwa mapya yana utamu bado, yanawaka upesi kama moto wa makaratasi, kisha yanazimika na kulowa. Mkiyapata, yaacheni yakae na kukauka kwanza, na msiyategemee peke yake.

Na maganda yangu ya mpunga? Mama Fidelis hakuyatupa. "Haya ndiyo yatafungua pua," akasema. Tukachanganya sehemu tatu za vumbi na maranda, sehemu moja ya maganda. Maganda hayanywi, lakini yanashikilia nafasi, vumbi lisilaliane. Kile kilichonishinda kikiwa peke yake kikawa msaada kikiwa na wenzake.

Mwisho akaniagiza nichote madebe mawili ya udongo mweusi kutoka chini ya lundo la zamani la samadi, lile lililokwisha iva, ninyunyize juu.

"Kwa nini?"

"Uji mpya hauchachi bila machicha ya uji wa zamani," akasema, akatazama pembeni kwa aibu.

Tukaingiza ng'ombe. Nyar Kitale alikuwa anapona. Nilimtengea kona kavu kabisa. Kila asubuhi na kila jioni, ng'ombe wakiwa wametoka kukamuliwa, tuligeuza kwa jembe la meno, kina cha mkono hadi kiwiko. Mavi yanaingia chini, hewa inaingia, kilicho kavu kinapanda juu. Wakirudi wanakuta kitanda kimetandikwa upya. Migongo ilituuma hadi tukacheka.

Siku ya kwanza, baridi. Siku ya pili, baridi. Siku ya tatu nilipiga magoti nikatia mkono, nikajidanganya kwamba kuna vuguvugu. Mama Fidelis akasema, "Hilo ni joto la mkono wako."

Siku ya nne asubuhi, nilipochoma jembe na kunyanyua, moshi mweupe ukapanda. Nikafikiri nimewasha kitu. Nikanyanyua tena, ukapanda tena, laini, kama mvuke wa sufuria ya ugali. Na harufu! Si ya mkojo wala ya mayai. Ilikuwa harufu ya ardhi ya msitu mvua ikishakwisha.

Nikapiga vigelegele, ng'ombe wakashtuka. Mama Fidelis akaja mbio na mwiko mkononi. Alipoona mvuke alianza kuimba wimbo wa kanisa, na miguu yake ikacheza kitu ambacho si cha kanisa.

Kisha akatafuta nondo. Alikuwa na kipimo chake, nami nimekitumia miaka yote iliyofuata. Unachomeka nondo kwenye tandiko, unaiacha hadi umalize kunywa chai, unaichomoa, unaishika sehemu iliyokuwa ndani na kuanza kusali Baba Yetu. Ukifika Amina umeishika bila taabu, kitanda kimelala, ongeza vumbi au geuza zaidi. Ukiiachia kwenye "utupe leo mkate wetu," kitanda kinafanya kazi. Ukishindwa kufika "jina lako litukuzwe," geuza upesi, maana kimezidi.

Mama Fidelis alishika akafumba macho. Alifika mkate wetu, akaitupa nondo na kupuliza vidole.

"Bwana asifiwe," akasema. "Imechemka."

Leo mna vipimajoto vya mshale mrefu na vingine vinavyosoma kwenye simu. Vitumieni, mimi sividharau. Kuna afisa mmoja kijana wa mifugo aliwahi kuchomeka chake nikasali karibu naye, na tukakubaliana bila ugomvi. Lakini kipimajoto hakitakuambia kama ng'ombe ni wengi mno kwa nafasi yao, wala kwamba msimu wa mvua hewa yenyewe imelowa na vumbi linatakiwa maradufu. Hayo yanatafutwa kwa mkono na pua. Na kama macho yanakuwasha ukiingia bandani, usitafute dawa ya macho. Geuza.

Jumamosi mtu wa Kericho akafika asubuhi na lori lake, mwenye kofia pana na fimbo. Mama Wairimu alikuja naye, amevaa nguo nzuri ya kijani ya kwenda harusini, kwa kuwa alikuwa na harusi mchana. Hakuwa amekanyaga bandani tangu siku ile sokoni. Alisema baadaye kwamba hakutaka kuona.

Ng'ombe wanane walikuwa wamelala wote. Wanane! Wamenyoosha miguu, macho nusu, wanacheua kama wazee baada ya chakula. Viwele vikavu, ubavu safi. Nyar Kitale alikuwa katikati, kichwa amekilaza ubavuni, na ile robo mbaya asubuhi hiyo ilikuwa imetoa maziwa meupe, laini, bila bonge hata moja.

Mtu wa Kericho akapiga makofi ili wasimame awaone. Mmoja akageuza sikio. Akapiga tena. Akamgusa Nyar Kitale kwa fimbo, naye akashusha pumzi ndefu na kuendelea kucheua.

"Hawa ni wagonjwa?" akauliza.

"Wamestarehe," nikamwambia.

Mama Wairimu aliingia na viatu vyake vya harusi. Akainama, akachota konzi, akainusa, akanitazama, akainusa tena. Kisha, na nguo ile ya kijani, akajishusha taratibu akaketi chini, mgongo ameuegemeza kwa Nyar Kitale. Akaweka viganja viwili juu ya tandiko, akahisi joto linavyopanda. Kicheko kikaanza tumboni. Kikapanda, kikatoka, kuku wakaruka uani.

"Mama," mtu wa Kericho akasema, "tunafanya biashara ama?"

"Biashara gani?" akamjibu. "Vua viatu uketi. Fidelis, leta chai huku!"

Harusi waliianza bila yeye.